Habari za Fundi Jumatano na Kutekwa kwa Jiwe

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ama utoke, usituzibie mwanga, kwa maana habari hii ni nzito: ni habari za Mwenye Tepu Shingoni, Simba wa Mkasi, Bwana wa Mapindo yote, fundi cherehani ambaye mji mzima ulimwita Fundi Jumatano, na jinsi alivyoivuka bahari akaliteka Jiwe. Jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka ishirini na sita kila mteja aliyeulizia suruali yake aliambiwa, "Njoo Jumatano," na Jumatano ikifika akaambiwa vilevile. Maharusi walifunga ndoa na nguo za kuazima, na watoto walirefuka sare zao zikiwa bado mezani.

Shujaa huyo, kwa sababu ambayo hata yeye hakuijua, alikuwa anaunda boti sebuleni. Aliiunda kwa mbao nyembamba, akaziunga kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni, kisha akapaka lami juu ya mishono, kwa maana msumari hakuuamini. Miaka mitatu boti ile ilikalia sebule kama mgeni asiyeaga. Mkewe, Malkia Asiye na Sebule, alipokea wageni jikoni na kuanika mitandio yake juu ya makasia. Hata Jumapili moja ubavu wa boti ukamwaga chai yake, naye akasimama akanena.

"Baba watoto, nimechoka. Jumatano hii boti iende mpaka lile Jiwe la mbele ya bandari, na irudi ikielea. Isipokwenda, au ikizama, Alhamisi ni kuni."

"Jumatano?" akauliza shujaa.

"Jumatano. Si neno lako hilo?"

Lo! Aliyezoea kuwarushia wengine neno lile leo limemrudia yeye! Siku tatu hakukaa akatulia. Alishona mbavu, akashona pua, akashona mkia. Lakini mshono mkuu wa tumboni aliupiga bandi tu, yaani aliushikiza kwa hatua ndefu zisizokazwa, akaufunika kwa lami. Wala haukuwa uzembe. Tangu alipofundishwa kazi alijua sheria moja isiyovunjwa, kwamba nguo haimaliziwi kabla ya kujaribiwa, na boti ile ilikuwa haijajaribiwa na bahari.

Jumatano asubuhi dirisha liling'olewa, wachukuzi wanne wakaibeba boti mpaka ngazi za bandari. Watu walikwisha kujaa. Mbele kabisa alisimama jirani wa mlango wa pili, muuza mkaa, ambaye kwa miezi kumi na moja hakuwa amesalimiana na mke wa fundi. Kisa chao kilikuwa beseni jekundu lililopotea uwanjani kwa fundi, upande wa ufukweni, na mke wa fundi akautangazia mtaa mzima ni nani aliyeliiba.

"Nimekuja kuangalia," alisema yule jirani kwa sauti ya kusikika. "Kuangalia si kuiba."

Karani wa bandari akafungua daftari lake. "Jina la chombo?"

"Ahadi!" akanguruma shujaa.

"Mnakwenda wapi?"

"Mpaka kwenye upeo wa macho, ee karani, ambako ndege hugeuza na mawimbi husahau yalikotoka!"

"Andika Jiwe," alisema mkewe, akikunja gauni na kupanda botini. "Na mabaharia ni wawili. Naenda mwenyewe. Huyu akiniambia amefika, nitajuaje?"

Basi wakang'oa nanga. Hatua mia tatu za maji zilikuwa mbele yao. Mawimbi yaliyopanda kimo cha kiganja yaliwajia kikosi baada ya kikosi, na shujaa akayapasua. Kandambili moja ya mguu wa kushoto ikawavamia ubavuni. Akaikabili kwa kasia mpaka ikakimbia kuelekea kusini. Baada ya dakika arobaini, na mizunguko miwili asiyoikusudia, pua ya Ahadi ililigonga Jiwe.

Halikuzidi upana wa kitanda. Shujaa alilikanyaga, akavua tepu shingoni, akalipima. "Kiuno, futi kumi na nne! Bega la kushoto limeshuka! Ewe Jiwe, tangu leo wewe ni mteja wangu!"

Lakini mkewe hakusikia. Alikuwa anatazama ufa wa Jiwe, na ndani ya ufa kulikuwa na beseni jekundu, ukingo wake uliopasuka umeshonwa kwa uzi wa buluu. Mshono ule ulikuwa wa mumewe.

"Beseni letu!" akapaza shujaa. "Ushahidi wa ushindi!"

"Punguza sauti," alisema mkewe. Akalitia chini ya kibao cha kukalia, akalifunika kwa mtandio. "Twende nyumbani. Hatujaona kitu."

Katikati ya njia akainua miguu. "Baba watoto, mbona nimelowa?"

"Ni bandi, mke wangu. Inalegea. Nguo haimaliziwi kabla ya—"

"Hii ni nguo?"

Maji yakafika vifundoni, yakapanda. Zilibaki hatua hamsini, na kina kilikuwa cha kiunoni. Hakuna ambaye angekufa. Mke akapiga hesabu yake. Cha kuchotea maji hawakuwa nacho ila beseni. Akikaa tu boti itazama, beseni litazama nayo, na kesho atakuwa na sebule yake na heshima yake. Akamtazama mumewe. Jasho lilimtiririka, tepu imelowana shingoni, na kwa kila pigo la kasia alinong'ona, "Leo Jumatano. Leo Jumatano." Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona akitaka hivyo kitu kitimie kwa siku yake. Moyo ulimuuma. Akauvuta mtandio, akalishika beseni jekundu, na mbele ya bandari nzima akaanza kufua maji, akiyachota na kuyamwaga nje.

Ahadi ilipogusa ngazi mke wa fundi alishuka wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, akamkabidhi beseni.

"Hukuiba," alisema. "Bahari ndiyo iliyolichukua, na mimi ndiye niliyekutangaza. Nisamehe."

Jirani aliligeuza beseni, akaupapasa mshono wa buluu. "Miezi kumi na moja."

"Najua."

"Mtaa mzima."

"Nitaupita mtaa mzima, mlango kwa mlango."

"Utaupita, na beseni kichwani," alisema jirani, na kicheko kikamshinda. Kisha akamgeukia karani aliyekuwa akiichungulia boti kwa mashaka. "Na wewe andika imerudi ikielea. Upesi, kabla haijazama!"

Karani akaandika. Wino haukuwa umekauka Ahadi ilipokwenda chini taratibu pale ngazini, kwa heshima zote. Lakini lililoandikwa limeandikwa, na vizazi na visome: fundi alisema Jumatano, na ikawa Jumatano!

Alhamisi boti iliopolewa, ikarudishwa sebuleni kupitia dirisha lilelile ili imaliziwe, maana sasa ilikuwa imejaribiwa. Mkewe alisimama mlangoni na mitandio mibichi mkononi.

"Itakuwa tayari lini?"

"Jumatano," alisema shujaa.

Naye akaanika mitandio yake juu ya makasia, akamwamini.