Sufuria Chini ya Bulangeti

Jumamosi, 14 Aprili 2001, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Nimerudi kutoka soko ya Tsoka na nyama ya mbuzi. Safi! Kesho Pasaka, kanisa itajua mpishi wake ni nani. Mwaka mzima jikoni iko mikononi mwa Léoncie, yule mama Mrundi, na maharagi yake. Tulikimbia vita Fizi, kule Kongo, ili tukuje kula maharagi? Nimepika leo jioni, nikafunika sufuria na bulangeti mbili, ilale na moto wake. Pascaline, bibi yangu wa ndoa, akasema kesho lazima ichemshwe tena. Nikamwambia anyamaze. Makala ya moto haianguki toka mbinguni.

Jumapili, 15 Aprili

Ushindi! Bantu balilamba vidole. Mi mwenyewe nilishika kijiko. Bakongomani, nyama na maharagi ya Léoncie. Barundi, maharagi tupu, bashibe nayo. Kabibi, mtoto wangu, nilimpa pale penye mafuta. Mchungaji akasema tutazungumza juu ya jikoni. Léoncie akanipa pole ya kazi. Mnafiki!

Jumatatu, 16 Aprili

Maskini mi! Tumbo. Bakongomani bote bako foleni ya choo. Kabibi amelazwa kliniki, macho imeingia ndani, hata kulia hawezi. Nalia mi. Na nani mzima? Barundi! Bote! Ni sumu, njo hiyo. Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikisema Léoncie ametulisha sumu. Jioni bantu bakatupa mawe kwenye mulango yake.

Jumanne, 17 Aprili

Mama wa afya amefika toka Lilongwe na mfasiri. Nikamuwahi. Nikamueleza: bagonjwa ni bale nilibapakulia nyama, Barundi sikubapa hata mufupa na bako bazima, anataka ushahidi gani tena? Akasema zikomo, zikomo, njo asante kwa luga yao. Nikafurahi. Kumbe! Hakuuliza nani anachukia nani. Akaenda kuuliza bazima balikula nini. Bazima! Akarudi, akauliza nyama ililala wapi. Nikamuonyesha bulangeti, kifua mbele. Akasema vidudu hupenda sana kulala mahali pa vuguvugu kama hapo. Pascaline, bila haya, akasema alinionya.

Alhamisi, 19 Aprili

Kabibi ameamka. Kumbe Léoncie njo alimukalia kule kliniki, akimunywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mulango yake ikipigwa mawe. Nikaenda kumuchukua mtoto wangu. Akasema anaogopa chakula yangu, atakula kwa mama Léoncie. Mbele ya bantu! Iliniuma kuliko tumbo. Mchungaji naye anataka niombe Léoncie msamaha. Mi? Kwa kosa gani?

Jumapili, 22 Aprili

Kosa nimeliona. Nilibagua! Barundi bangekula nyama, bangeumwa kama siye, na yule mama wa Lilongwe angekosa mutu muzima wa kuuliza. Juma ijayo Ezechiel, jirani yetu, anaozesha binti yake na hajapata mpishi. Nimeshamuahidi. Bulangeti nimefua, ziko juani. Safari hii kila mutu atapata nyama, na Léoncie nitamupakulia wa kwanza.