Kuhusu Binti Yangu, Utafiti Wake na Vifungo vya Mashati Yangu

Ndugu Mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti wa Familia,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapoiandikia ofisi kama yako ni kumlalamikia mfanyakazi mvivu. Mvivu hana madhara. Anakuja, anakunywa chai, anakwenda zake. Wa kuogopwa ni mfanyakazi hodari, na ninyi mnaye mmoja, naye ni binti yangu. Kwa heshima zote naomba aondolewe kwenye utafiti wa familia na apewe jambo la salama, kwa mfano usingizi wa njiwa. Zaidi ya hapo, naomba ile nafasi mliyompa ya kwenda kuongoza kituo kipya katika mji wa mbali ifutwe kabla hajawajibu. Najua mnangoja jibu lake mwisho wa wiki hii, ndiyo maana sikungoja hata wino mpya.

Niruhusu nianze na historia. Kazini kwetu hatukuwahi kuingia kwenye kiwanja cha mtu bila kusoma kwanza ramani ya zamani.

Mimi ni mpimaji ardhi mstaafu. Mtaani wananiita Bwana Vipimo, jina ambalo sikuliomba wala sikulikataa. Mama yake binti ni mshonaji. Tulitengana mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Hapakuwa na ngumi wala matusi. Tulikuwa na meza moja kubwa ya sebuleni. Mimi niliitaka kwa ramani zangu, yeye kwa vitambaa vyake, na hakuna aliyekubali kukunja vitu vyake. Akahamia mtaa wa tatu kutoka kwangu, akafungua duka la ushonaji, akawa anaishi chumba cha nyuma. Mtoto akawa mtu wa kwenda na kurudi, mkoba mgongoni, na kila akifika upande mmoja anagundua kiatu kimoja kimebaki upande wa pili. Watu husema alijifunza saikolojia chuo kikuu. Si kweli. Chuo kikuu alifuata cheti tu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu salamu. Nyumbani kwangu salamu ilikuwa salamu. Mtu anauliza hujambo, unajibu sijambo, mnaendelea na mengine. Tangu binti yangu aanze kutafiti ustawi wa watu, ukimjibu sijambo anakutazama kwa upole, kisha anauliza, "Hiyo sijambo ni ya kweli, baba, au ya heshima?" Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye, ameambukizwa. Juzi mwuza nyama alimwuliza habari za asubuhi, naye akamweleza kwa kina, akianzia utoto wetu. Foleni ilifika barabarani. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika kikapu, nikijifanya namngoja mtu mwingine.

2. Kuhusu sinia. Kama unavyojua, njia yake ya kazi ni sinia na vifungo vya nguo. Kila mtu katika familia hupewa sinia tupu na kopo la vifungo, achague kifungo kimoja kwa kila ndugu, kisha avipange anavyoona moyoni: nani yuko karibu na nani, nani yuko pembeni, nani kakaa katikati. Vifungo vyenyewe aliviomba kwa mama yake. Siku moja ya mapumziko aliileta kazi hii nyumbani kwangu, kwa majaribio tu. Dada yangu akajiweka katikati ya sinia kwa kifungo cha dhahabu, na mimi akaniweka ukingoni kwa kifungo kikubwa cha koti. Nilipolalamika alinijibu, "Shukuru sijakuweka chini ya meza."

Hilo nililimeza. Nisilolimeza ni kwamba binti alikwenda pia dukani kwa mama yake, mama naye akapanga sinia lake, na mimi nimekatazwa kuliona. "Siri ya mshiriki, baba." Nilimweleza kwamba nimeitumikia serikali maisha yangu yote nikipima umbali kati ya kitu na kitu, na kwamba nina futi yangu ya chuma inayofanya kazi barabara. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema umbali ule haupimwi kwa sentimita. Nauliza ofisi yako, kwa unyenyekevu: unapimwa kwa nini, na ni nani aliyeidhinisha kipimo hicho?

3. Kuhusu kujiuzulu kwake. Katika kitabu chake, kile ambacho taasisi yako ilikisifu, amethibitisha kwamba mtoto wa wazazi waliotengana haumizwi sana na utengano wenyewe. Kinachomchosha ni kugeuzwa tarishi, kila siku mwambie baba yako hivi, mwambie mama yako vile. Nilikisoma nikakiona ni utafiti mzuri sana kuhusu watu wengine. Kumbe alikuwa anatangaza kuacha kazi. Kwa miaka mingi mimi na mama yake tuliendesha mambo yetu yote kupitia kwake bila kosa hata moja. Sasa nikimwambia, "Mwambie mama yako bati la duka lake linahitaji msumari," ananijibu, "Mwambie mwenyewe, baba, miguu unayo." Nilijaribu kumtuma dada yangu. Alisema yeye hapeleki ujumbe, anapeleka maoni, na ningejuta.

4. Kuhusu vifungo vyangu mwenyewe. Kwa sababu ya namba 3, nililazimika kwenda dukani kwa miguu yangu. Lakini mtu hawezi kuingia duka la mshonaji mikono mitupu akasimama pale kama kibao cha njia. Nikapeleka suruali iliyofumuka. Nikapeleka nyingine. Suruali zilizofumuka zikaisha. Basi kifungo kimoja cha shati kikalegea, nadhani kwa sababu nilikuwa nakizungusha nikiwaza, nikakipeleka.

Hapa naomba usome polepole, maana ni suala la kitaalamu. Mama yake binti ni fundi aliyeshona sare za shule nzima ya msingi. Kifungo alichokishona yeye hakikuwa kikitoka. Nguo ingechanika, kitambaa kingebaki kimekishikilia. Sasa anashona kifungo changu leo, na kabla wiki haijaisha kinaning'inia kwa uzi mmoja. Narudi. Anakishona tena, ananipa kiti, ananiuliza kama hiyo sijambo yangu ni ya kweli, tunazungumza mpaka jua linaondoka kwenye kaunta, nakwenda nyumbani, kinatoka kingine. Dada yangu anasema, "Kaka, mashati yako yana ugonjwa, na dawa yake iko mtaa wa tatu." Mimi naona ni kushuka kwa viwango vya ufundi, na kumeanza baada ya taasisi yako kuchukua kopo lake la vifungo.

5. Kuhusu afya. Nilikuwa na presha ya heshima, iliyonistahili kwa umri wangu. Daktari aliponipima mara ya mwisho alipima tena, akabadilisha mashine, akapima tena, kisha akanipunguzia dawa. Nikilala, nalala. Wastaafu wenzangu, ambao tulikuwa tukikutana kwenye benchi la posta kulinganisha maumivu, sasa nikifika wananitazama kama mtu aliyekuja harusini na mfuko mtupu. Nilimwambia binti yangu aniandike basi kwenye utafiti wake, walau taabu yangu ifae kitu. Akanijibu kwamba kanuni hazimruhusu kumtafiti ndugu yake. Yaani amewasikiliza wazazi wa mji mzima, na baba yake ndiye hajakidhi vigezo!

6. Kuhusu kituo kipya. Hili ndilo lililonikalisha mezani. Mnataka kumpeleka mji ulio mbali kiasi kwamba basi linaondoka asubuhi na kufika keshoye. Mnajua anatafiti nini? Utengano. Kumchukua mtaalamu wa utengano na kumtenga na watu wake ni sawa na kumtuma mtaalamu wa moto akachome nyumba yao. Najua ni cheo kikubwa, na najua kazi hiyo ameitafuta tangu akiwa mwanafunzi. Lakini hajawajibu, na sababu aliniambia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni kwangu na mkoba wake, kama zamani: "Baba, nikiondoka, kati yenu atabaki nani?"

Mpimaji anajua kwamba ukiing'oa nguzo ya katikati, viwanja viwili havijui tena vinapakana wapi. Kwa hiyo naomba mumwandikie kwamba nafasi imefungwa, bajeti imekatika, au kituo kimeliwa na mchwa, lolote litakalokuwa rahisi kwenu. Msimwambie kwamba ombi limetoka kwangu. Kama kuna gharama ya mhuri, nipo tayari kuja na mhuri wangu.

Nisalimie watumishi wote wa ofisi yako. Msalimie katibu wako aliyenijibu simu kwa adabu ingawa nilimpigia kuuliza tu kama mnafuga njiwa. Msalimie mlinzi wa getini aliyekataa kuniruhusu niingie na futi ya chuma, alikuwa sahihi. Wasalimie na wazazi wote waliowahi kupanga vifungo kwenye masinia yenu, na uwaambie hawako peke yao.

Ni mimi mzazi wa mtumishi wako,
Mpimaji Ardhi Mstaafu

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii niliipitisha dukani kwa mama yake kabla ya kuipeleka posta, kwa kuwa kifungo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimetoka. Aliniomba aisome. Alikuwa ameshika pini kwa midomo, na alipofika namba 4 zilimwagika zote sakafuni. Lakini alipomaliza namba 6 hakucheka. Aliniambia, "Umekatazwa kumtuma mtoto, sasa unamtuma Mkurugenzi? Unataka mkubwa wake wa kazi ndiye amwambie mwanao kwamba utamkumbuka? Si umwambie mwenyewe, wewe Vipimo!"

Kisha akavuta sinia lake kutoka chini ya cherehani, jinsi alivyolipanga siku ile. Alisema siri ni ya mshiriki, na mshiriki ni yeye. Kifungo cha binti yetu kilikuwa kizuri kuliko vyote, nacho kilikuwa ukingoni kabisa, kimeelekea nje, kama mtu aliyekwisha vaa viatu vyote viwili. Katikati palikuwa na vifungo viwili, kimoja kikubwa cha koti. Nilitoa futi yangu kwa mazoea, nikairudisha mfukoni. Hata uzi usingepita kati yao.

Tulimpigia simu hapo hapo, simu imewekwa juu ya cherehani ili tusikie wote. Nilimwambia kwamba nitamkumbuka mpaka nguo zangu zote ziishe vifungo, na kwamba aende. Mama yake akamwambia vivyo hivyo, kwa maneno machache na machozi mengi. Binti akauliza, "Ninyi wawili mko pamoja hapo?" Tukajibu ndiyo kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza hatukupishana. Akacheka, akapenga kamasi, akasema basi anakwenda, na jioni tutamsaidia kufunga mizigo.

Nilitaka kuichana barua, mama yake akakataa, akasema uisome upate kucheka na wewe. Kwa hiyo namba 1 mpaka 6 zifute zote, njiwa waache walale. Mpe binti yetu barua yake ya uteuzi leo.