Punje ya Risasi Katika Jino la Mchungaji

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Karamu ya Nyama ya Porini,
Kanisa la Kibaptisti la Beech Hollow, Missouri.

Ndugu Mwenyekiti Lonzo Burkhalter,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi na mke wangu Nadine tu wazima, kuku wanataga, na mvua imetutosha. Ningependa barua iishie hapo, lakini nimeonewa, na mtu aliyeonewa akinyamaza hupata vidonda vya tumbo.

Unajua vyema kilichotokea Jumamosi. Mchungaji Lindqvist aliuma kipande cha kidari cha bata mzinga wangu, kikalia ka! Akatemea mkononi nusu ya jino pamoja na punje moja ya risasi. Kisha akasema, mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili, "Mama yangu wee! Nani kapika hii?" Watu wote wakanigeukia. Hata tonge langu sijalimeza, ukanivuta barazani ukaniambia, "Hobart, ndugu yangu, mwakani pumzika kidogo. Wewe utatuletea sahani za karatasi."

Sahani za karatasi, Lonzo! Mimi niliyepika bata mzinga wa karamu hiyo tangu marehemu baba yako akiwa shemasi! Sahani za karatasi huletwa na watu wasiojua kupika na wale waliohamia juzi. Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Punje si yangu. Kila mwindaji wa bonde hili anajua kwamba bata mzinga wa porini hapigwi kifuani. Unakaa umeegemea mwaloni kabla hakujapambazuka, unakwaruza kisanduku chako cha mbao cha kuitia kitoe sauti ya jike mwenye maringo, dume linakuja limetanua mkia, unangoja linyooshe shingo, unapiga kichwa, maana risasi moja ya bunduki zetu hutawanya punje nyingi, na zikiingia kifuani hubaki nyamani. Anayepiga kifua ni mtu asiye na subira, au aliyemfyatulia ndege anayekimbia, na watu wa namna hiyo hatuwaachii hata kiti kwa kinyozi. Mimi nilipiga kichwa. Kwa hiyo kidari changu hakiwezi kuwa na punje, na kama ilikuwamo, basi haikuwamo.

2. Usafi. Nilimpasua palepale msituni, joto lisije likaharibu nyama. Nyumbani nikamchovya kwenye maji ya moto yasiyochemka, nikamnyonyoa kwa mkono, unyoya kwa unyoya, ngozi isichanike. Akalala kwenye maji ya chumvi atoke damu. Kidari nikakikata kukatisha nyuzi za nyama, nikakiloweka kwenye mtindi, nikakipaka unga na pilipili manga, nikakikaanga kwenye kikaango cha chuma cha mama yangu. Mapaja na miguu nikachemsha taratibu mpaka nyama ikaachana na mfupa, nikatumbukiza matonge ya unga. Nadine alikuwapo mwanzo hadi mwisho. Nilimwomba atie sahihi hapa kama shahidi, akasema ana mkate jikoni. Mkate wenyewe sijauona.

3. Asili ya punje. Bata mzinga humeza vijiwe ili firigisi isage chakula. Ndege asiyechagua jiwe atachagua risasi? Msitu umejaa risasi za watu waliokosa shabaha, hasa upande wa shamba la mpwa wako Rusty. Naamini ndege alimeza punje ya Rusty. Imetokaje kwenye firigisi ikafika kifuani, sijui, mimi si daktari. Yona naye alitoka tumboni mwa samaki na hakuna kamati iliyomhoji.

4. Jino. Nauliza kwa heshima zote: ni jino la namna gani linalovunjwa na kitu kidogo kuliko punje ya pilipili manga? Marehemu Mchungaji Tidwell alikula nyama yangu miaka yote, na punje zake alizipanga pembeni mwa sahani kiungwana. Huyu wa sasa amekulia St. Louis, ambako nyama huja imefungwa kwenye plastiki, basi huuma kama anayelipiza kisasi. Tena sala yake ya chakula ilikuwa fupi mno. Tidwell alikuwa akiomba mpaka mchuzi unaganda, nasi tunaanza kula tukiwa tumeshanyenyekea.

5. Aliyepewa nafasi yangu. Rusty hanyonyoi. Anamvua ndege ngozi kama soksi, anakata kidari, na vilivyobaki, mapaja, miguu, shingo, anawatupia mbweha. Kidari chenyewe anakiloweka kwenye maji ya achari ya matango, anakizungushia nyama ya nguruwe, mpaka hujui unakula ndege au kiatu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: shabaha anayo. Lakini ndiye huyo huyo juzi, kwenye duka la chakula cha mifugo, alinipigia kelele, "Mzee Hobart, ulikuwa unawinda au unapanda mahindi? Maana mbegu umezimwaga!" Watu wakacheka mpaka muuza duka akakaa chini. Imeniuma, Lonzo. Imeniuma kuliko jino lilivyomuuma mchungaji.

Kwa hiyo naiomba Kamati mambo yafuatayo. Punje ile iwekwe mbele ya kanisa zima na washirika wapige kura kama ni yangu. Mchungaji apimwe meno yote yaliyobaki, ijulikane ni yapi yalikuwa mabovu kabla ya karamu. Kila mchungaji mpya aapishwe kutafuna polepole. Akikataa, tutafute mchungaji asiye na meno, wapo wazuri. Na nirudishiwe meza yangu ya bata mzinga.

Hayo mengine naweza kuyaacha. Hilo la mwisho siwezi. Nina miaka sabini na moja, siimbi kwaya, na kuomba mbele za watu sijui. Kanisani humo najulikana kwa bata mzinga tu. Mkinipa sahani za karatasi, mnanitoa nje huku mkitabasamu.

Wasalimie mashemasi, wanakwaya na akina mama wa jikoni. Msalimie na mchungaji, mwambie nauombea ufizi wake. Rusty mpe nusu salamu.

Ndimi ndugu yako asiye na hatia,
Hobart Cagle

Nyongeza: Nadine amekataa kunipa stempu mpaka niandike maneno yake kama alivyoyasema. Anasema: "Mwambie Lonzo kidari kile nimekichokonoa mimi kwa kibano mpaka macho yakaniuma. Matundu tisa, punje nimetoa saba. Moja kaipata mchungaji. Iliyobaki, akili yangu inaniambia imo kwenye kile kipande kikubwa nilichomfungia mama yake Lonzo. Na yule bibi ana meno mapya, na kasema anakiweka mpaka chakula cha Jumapili."

Lonzo, mpigie mama yako simu sasa hivi. Ningempigia mimi, lakini tangu Jumamosi nyumba yenu yote haipokei simu zangu.

Na hizo sahani, mnataka nyeupe au zenye maua?