Waraka wa Kilomita Ishirini

Kwa heshima kubwa, idara yetu inautaarifu umma kwamba tatizo la magari kugoma wakati wa baridi limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi, Katibu wa Kamati ya Dharura ya Injini, naona ni wajibu wangu kueleza ulivyopatikana, maana mtaani watu wanasema yao.

Nyumba ya Mkurugenzi wetu ilitazamana na ofisi. Mtu wa kawaida angevuka barabara. Lakini Mkurugenzi alikuwa na gari jipya la kisasa, na cheo chake hakikuruhusu viatu vyake kugusa vumbi. Dereva alimleta asubuhi, akamrudisha saa nne kunywa chai, akamleta, akamrudisha mchana kula, akamleta, akamrudisha jioni. Safari sita, kila moja dakika mbili, na dakika moja kati ya hizo ni ya kusubiri geti lifunguliwe.

Baridi ilipokuja, ile ya kukwangua barafu kwenye kioo cha mbele kwa kitambulisho cha kazi, gari likaanza visa. Kwanza ikawaka taa ya njano. Kisha betri ikawa hoi. Mwisho injini ikawa inakohoa na kuzimika katikati ya geti, bosi ndani, wafanyakazi nje wakipuliza vidole.

Mkurugenzi akasema hiyo ni hujuma. Dereva, mtu mzima mwenye miaka kumi na tisa kazini ambaye hajawahi kukwaruza hata bampa, aandikiwe barua ya kusimamishwa. Niliiandika mimi. Lakini kanuni zinataka kamati kwanza, basi tukaketi, tukamwita Fundi.

Fundi alitupeleka uani, akafungua kifuniko cha oili. Kwa ndani kilikuwa na utando mzito wa rangi ya maziwa.

"Hiki ni nini?" nikauliza, kwa niaba ya kamati.

"Maji," akasema. "Injini ya baridi inatoa mvuke. Ikitembea vya kutosha inapata moto, mvuke unatoka. Ninyi mnaizima kabla haijajua kama imewashwa. Mvuke unageuka maji, unaingia kwenye oili. Petroli isiyoungua nayo inateremkia humo humo. Betri inachoka kuwasha, haipati muda wa kujichaji."

"Lakini hili ni gari la kisasa," Mkurugenzi akasema.

"Ndiyo tatizo lenyewe, mzee. La kisasa lina vidude vingi zaidi vinavyotaka joto."

"Sasa unashauri nini?"

"Uwe unalipeleka mbali. Au uvuke barabara kwa miguu."

Neno "miguu" halikuingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Siku hiyo hiyo ukatoka Waraka: hakuna gari la idara litakalosimama, isipokuwa kwenye taa za barabarani, kabla ya kutimiza kilomita ishirini. Mkurugenzi akatia saini mwenyewe. Dereva akaambiwa kwamba akipunguza hata mita moja, barua yake iko tayari mezani kwangu.

Tangu hapo Mkurugenzi akawa anazunguka mji. Stendi, hospitali, kiwanda cha saruji, kisha anapita mbele ya ofisi na kuanza mzunguko wa pili. Alifika, akakaa robo saa, chai ikamwita, akaondoka. Gari likapona kabisa. Kazi zote zilifanywa na Msaidizi wake, mama mmoja anayekuja kwa miguu, na zilikwenda vizuri kiasi cha kututia wasiwasi.

Alhamisi moja, saa mbili kamili, Waziri akaingia bila taarifa. Mama mfupi, koti zito. Akauliza Mkurugenzi yuko wapi. Nikamwonyesha dirishani. Gari lilikuwa linapita.

"Mbona haingii?"

"Kilomita bado, Mheshimiwa."

Ndani ya gari, Dereva alinisimulia baadaye, mambo yalikuwa magumu.

"Simama. Yule ni Waziri."

"Nimemwona, bosi. Lakini tumetimiza kilomita kumi tu."

"Nakupa ruhusa."

"Waraka hauna kipengele cha ruhusa, bosi. Nami nina watoto watatu shuleni."

Mguu wa Dereva haukutoka kwenye mafuta. Mkurugenzi akampungia Waziri mkono kupitia kioo hadi kona ikawatenganisha.

Alipoingia ofisini akihema, Waziri alikuwa ameshapokea taarifa zote kutoka kwa Msaidizi, na Waraka ulikuwa mkononi mwake.

"Huu ni wako?"

"Ni wangu, Mheshimiwa. Na gari limepona."

"Hongera. Kituo chetu cha mpakani hakina mkuu. Ni kilomita mia nane. Huko gari hakuna, kwa hiyo hakuna litakaloharibika." Akamgeukia Msaidizi. "Dada, kiti hiki ni chako kuanzia sasa."

Barua ya Dereva akaichukua mezani kwangu, akaichana mbele yangu bila kuisoma.

Jumatatu Dereva akampeleka Mkurugenzi stendi ya mabasi. Bosi alikaa mbele, begi magotini. Walipofika hakushuka mara moja.

"Ungesimama tu siku ile, mzee wangu," akasema.

"Ningesimama, bosi, kesho yake ungesema nimevunja Waraka."

Mkurugenzi akafungua mlango.

"Kweli," akasema. "Ningesema."