Grafu Yangu na Mgongo wa Mzee Byamungu

Jumatatu, 10 Juni 2019
Nimeipata! Mada nitakayoizungumzia Jumapili kanisani: je, bangi ya tiba inaweza kupunguza vifo vya wanaozidisha vidonge vya maumivu? Nina grafu. Majimbo ya huku ughaibuni yaliyoruhusu bangi ya tiba yalikuwa na vifo vichache kuliko ilivyotarajiwa. Grafu nzuri mno. Inaishia 2010, lakini nani ataangalia? Wambui, mwanafunzi wa unesi kutoka Nakuru, naye anautaka ukatibu wa afya wa kanisa ninaoutaka mimi. Ataumbuka.

Jumanne, 11 Juni
Ninachokosa ni mtu wa kutoa ushuhuda. Kumbe yumo humu humu! Mzee Byamungu, aliyenipa chumba cha chini nyumbani kwake, hapa mjini New Hope. Mgongo uliharibika kiwandani, akikata bata mzinga. Anameza vidonge vya opioidi, hivyo hivyo vya maumivu, mwaka wa pili sasa, na anaviogopa: jirani yake alikutwa amekufa kwa vidonge kama hivyo. Nimemwambia aviache leo, kadi ya kuruhusiwa bangi ya tiba tutaifuatilia wiki ijayo. Akauliza kama docteur anajua. Nikasema sayansi inajua. Akanishukuru! "Wewe ni mtu ya masomo, mwana wangu."

Alhamisi, 13 Juni
Mzee anatetemeka. Jasho, kutapika, hatoki chooni. Nimemwambia mkewe, Mama Vestine, kwamba ni samaki wa jana. Akasema jana walikula maharage. Nikateremka chumbani kwangu. Aibu!

Ijumaa, 14 Juni
Sitaki kuandika. Naandika. Asubuhi nilimshauri mzee ameze kwa mpigo dozi zote alizoruka, arudi sawa. Vidonge tisa. Alikuwa ameshavimimina kiganjani Wambui alipoingia kuleta spika za kanisa. Aliupiga mkono wa mzee, vidonge vikatawanyika sakafuni.
"Kassian, unataka kumuua?"
Tukampeleka mzee kliniki kwa gari. Daktari amesema kilichomwangusha ni kuacha vidonge ghafla, akamrudishia dozi ndogo. Atampunguzia polepole, na habari ya bangi watazungumza wao wawili. Ndani ya gari Wambui akanionyesha simu. Utafiti uliotoka Jumatatu, siku ile ile niliyokuwa nashangilia! Ukiisogeza grafu yangu hadi 2017, inageuka: kwenye majimbo yenye bangi ya tiba, vifo vimezidi. Akasema hata hiyo haithibitishi lolote kuhusu mzee. Jimbo si mgongo wa mtu. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 16 Juni
Wambui ndiye aliyezungumza. Mimi nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo. Mzee akaja taratibu, akaketi ubavuni mwangu, akanishika mkono mbele ya watu wote. Akasema kosa ni letu wawili. Si kweli. Nililia ndani ya kitabu cha nyimbo hadi kurasa zikagandana.

Jumatatu, 17 Juni
Nimebadilika kabisa. Grafu ya zamani nimeichana. Nimechapisha mpya, ya hadi 2017, kwa rangi. Nzuri kuliko ile! Kumbe nilikosea upande tu. Sasa, Mama Ernestine wa mji jirani wa Champlin anatumia bangi ya tiba kwa misuli inayokakamaa, na anadai inamsaidia. Maskini, hajui. Nimempigia nimwambie aiache leo hii. Hapokei. Nakwenda mwenyewe.