Surua ya Suud

Jumanne, 6 Februari 1968
Mume wangu Suud katoka kifungoni. Siku tatu, kwa kutembea usiku bila kandili baada ya lango la mji kufungwa; huku ni kosa. Sharti walilompa: nusu mwezi, kila siku baada ya alasiri, aende kujionyesha kwa askari Marhoon. Na lori la kupeleka watu kazi ya mafuta, ambalo Suud kapata nafasi, linaondoka Jumamosi. Asipopanda, nafasi anapewa mwengine. Hana kazi tangu tulipofika nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja, na mtoto wetu Nasriya ndiyo kwanza miezi saba. Lazima nifikiri.

Jumatano, 7
Nimefikiri. Marhoon anaogopa maradhi kuliko anavyowaogopa wakubwa zake. Mtu akipiga chafya, yeye hujifunga kilemba puani. Basi Suud ataumwa surua. Marhoon hatomtaka karibu, na Jumamosi mtu huyo, kaondoka zake. Suud kasema haifai. Nimemwambia alale tu. Nimekoroga hina, nimemtia vidoti uso na shingo kwa njiti. Wifi yangu Kheiria kauliza kaka yake anaolewa lini.

Alhamisi, 8
Imefaa. Marhoon kamuona Suud, karudi kinyumenyume mpaka kamkanyaga mbuzi. Kasema asimsogelee tena. Baada ya magharibi kaja na amri: mgonjwa hatoki ndani, siku za ugonjwa hazihesabiwi katika adhabu, na yeye Marhoon atakaa baraza ya ng'ambo ya njia kuulinda mlango wetu. Hilo sikulifikiria.

Ijumaa, 9
Nimemwendea Marhoon, nimemwambia mgonjwa kapona, alhamdulillahi. Kasema vyema, atoe uso dirishani autazame. Tumesugua kwa ndimu, sabuni, mchanga. Vidoti vimezidi kukoza. Kheiria kaja kuchungulia. "Wewe wifi, hata bibi harusi anajua hina haitoki kwa siku mbili." Suud kambembeleza mtoto.

Jumamosi, 10
Lori limeondoka. Honi tumeisikia humu ndani. Nafasi kapewa Bakhit, jirani yetu. Suud hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Lakini kuna lori jengine Jumanne, na nnayo dawa. Manjano hufunika rangi yoyote. Nimeshatwanga bakuli zima. Kesho nampaka uso mzima, masikio na shingo, halafu namsimamisha dirishani, Marhoon ajionee mwenyewe mtu alivyopona.