Nati Zilizonisaliti

Jumapili, 7 Julai

Jumamosi napanda jukwaani. Mimi! Mtu ambaye dukani huonyesha kwa kidole.

Sijamwambia mtu ilivyokuwa. Mwalimu wa lugha aliuliza nani atawakilisha shule kwenye mashindano ya hotuba. Nikanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Akasema hongera. Darasa zima likapiga makofi. Nikaona haya kumsahihisha, nikaketi. Hata chooni sikwenda.

Dakika tano kwa lugha ya nyumbani, tano kwa lugha ya vitabu, bila karatasi. Nimesomeshwa kwa lugha mbili tangu chekechea. Nikisimama mbele za watu, zote mbili hutimua mbio pamoja.

Lakini kuna tumaini. Gari la kutupeleka ni pikapu ya Baba Mdogo, na injini yake iko uani juu ya kreti, anaifumua yote aisuke upya. Vipuri vipya vimeshafika. Tatizo ni nati na bolti. Zimeshika kutu utadhani zilizaliwa zimeungana. Leo kutwa nzima amepigana na nati moja ya ekzosi, na nati imeshinda. Basi la abiria hufika kule mashindano yameshakwisha. Hesabu ni nyepesi: nati zikigoma, nimepona.

Nimejitolea kuwa msaidizi wake. Amefurahi mno. Maskini wa Mungu.

Jumatatu, 8 Julai

Baba Mdogo alipoingia ndani kula, nikafanya kazi yangu. Nikashika spana, nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini kuongeza nguvu, nikaikaza ile nati ya ekzosi. Kukaza, si kufungua! Ikasogea unywele mmoja. Kra! Sauti tamu, nakiri. Nikazikaza na nyingine zote za upande ule. Nikakaa kwenye ndoo kama malaika.

Akarudi anachokonoa meno. Akaweka spana. Nati ikafunguka kama kifuniko cha chupa ya maji. Ya pili vilevile. Ya tatu akaimaliza kwa vidole, anapiga mluzi.

Akaniambia kuwa nati yenye kutu ukiikaza kidogo kwanza, kutu huvunjika, halafu inafuata yenyewe. Akauliza kama ni mimi. Nikaangalia viatu. Akasema nina mkono wa fundi.

Angenifundisha asubuhi ningejiepusha.

Jumanne, 9 Julai

Leo mpango wa kisomi. Nimemwaga mafuta yake ya kulegezea kutu, kopo zima, nyuma ya choo. Nikajaza mafuta mekundu ya usukani, ambayo najua ni mazito na hayapenyi popote. Mazito kupita kiasi! Angeshtuka. Nikayapunguza uzito kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ya Redio.

Redio ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, tunalala chumba kimoja. Huongea hata usingizini. Yeye ndiye aliyeitaka nafasi yangu ya hotuba, na kila asubuhi huihutubia kabati. Kumwachia kungekuwa rahisi, ila lazima niende ofisini kwa mwalimu nikaseme kwa mdomo. Afadhali injini.

Basi Baba Mdogo akanyunyiza mchanganyiko wangu kwenye bolti za juu ya silinda, zile ndefu alizoziogopa tangu mwanzo. Tukasubiri. Akavuta. Zikatoka moja baada ya nyingine, zimelowa mpaka ncha. Akanusa kopo. Akasema mafuta ya siku hizi wameyaboresha.

Jioni Redio alizunguka nyumba nzima akiuliza nani kachukua dawa yake. Kucha zake nusu nyekundu, nusu hazieleweki. Nilisoma kitabu kwa bidii. Kilikuwa kichwa chini.

Jumatano, 10 Julai

Zimebaki nati za chini na bolti kubwa ya mbele inayoshika puli ya mkanda. Nimechukua mshumaa jikoni, nikazipaka nati zote nta hadi zikang'aa, ili spana iteleze. Na kweli ikateleza! Mara mbili! Baba Mdogo akajigonga vidole, akasema neno ambalo sitaliandika hapa. Moyo wangu ukacheza.

Kisha akaleta moto wa gesi. Akazichoma. Nta ikayeyuka, ikanyweka ndani ya nyuzi za nati kama supu kwenye mkate. Zikazunguka laini. Hata hazikulia.

Akachuchumaa akizitazama muda mrefu. Akaniuliza kama kuna kitu nimezipaka. Nikatikisa kichwa. Alinigawia nusu ya muhogo wake wa kuchoma, nasi tukala kimya. Kula kimya na Baba Mdogo ni raha. Hakuulizi ndoto zako ni zipi.

Alhamisi, 11 Julai

Ile bolti kubwa ya mbele ndiyo ngome yangu ya mwisho. Tangu jana jioni haijatikisika. Baba Mdogo amening'inia kwenye bomba mpaka miguu ikaacha ardhi. Wapi! Nimeipenda bolti ile kama ndugu.

Lakini nikaingiwa na tamaa ya uhakika. Alipokwenda kuoga nikachukua nyundo kubwa, nikaigonga kichwani kwa nguvu zangu zote, nia yangu kuibamiza mpaka spana ikose pa kushika. Ngo! Ngo! Ngo! Kuinua macho, Redio yuko mlangoni, mikono kiunoni.

Hakusema kitu. Redio kutosema kitu! Nilijua anaweka akiba.

Wakati wa chakula akaifungulia yote, shangazi na Baba Mdogo wakisikiliza.

"Mjomba, huyu nimemkuta anaua injini yako. Kwa nyundo. Uso kaukunja kama mchawi."

Baba Mdogo akaacha kutafuna. Akaniangalia. Akainuka, akaenda uani, tukasikia spana ikiwekwa. Halafu kra, moja tu. Akarudi ameshika bolti kubwa mkononi, akaiweka mezani kando ya chumvi.

"Nilikuwa nimeisahau kabisa mbinu hiyo," akasema. "Mtikiso. Kutu haipendi mtikiso."

Shangazi akaniongeza chakula. Redio akatazama bolti, akanitazama mimi, akasema dunia imekwisha.

Ijumaa, 12 Julai

Kutwa tumefunga. Ringi mpya, gasketi mpya, kila nati imepakwa mafuta kabla ya kurudi. Nimefunga nusu kwa mkono wangu, nimesahau kabisa kufanya hujuma. Jirani akaja na mnyororo, tukairudisha injini ndani ya pikapu. Baba Mdogo akanipa ufunguo niwashe mimi.

Ikakohoa. Ikashika. Ikatulia, inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Nilicheka peke yangu kwenye usukani, nikasahau kuwa nimeangamia.

Nimekumbuka nilipofika kitandani. Mpango mpya: nitasema kwa sauti ndogo kiasi kwamba hakuna atakayesikia. Watanipa sifuri. Nitarudi nyumbani nikiwa huru.

Jumamosi, 13 Julai

Pikapu haikuzima hata kwenye mlima. Tumefika wa kwanza!

Ukumbi ulikuwa soko. Wote walionitangulia walipiga kelele, na watu wakapiga kelele zaidi. Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo, nikaongea na kifungo cha shati langu.

Nilikuwa sentensi ya tatu, mambo yanakwenda vizuri, hakuna anayesikia. Ndipo Redio, aliyekuja nasi, akasimama juu ya kiti.

"Nyamazeni! Binamu yangu anaongea!"

Ukumbi ukanyamaza. Wote! Watu wakainama mbele. Mzee mmoja akatega sikio kwa kiganja. Nikazidi kushusha sauti, wakazidi kuinama. Nilipohamia lugha ya pili ulisikika mlio wa feni. Nikamaliza. Kisha makofi, nami nikakimbilia chooni, safari hii kweli.

Nafasi ya pili. Majaji wameandika kuwa nina namna adimu ya kuutuliza umati.

Redio ameongea njia nzima ya kurudi kuhusu alivyoniokoa. Usiku nilimwachia blanketi zima.

Jumapili, 14 Julai

Asubuhi Baba Mdogo aliniita uani. Anapanga vifaa vyake.

"Kuna kipande cha mshumaa kando ya kreti. Kisikae juani."

Basi. Akaendelea kupanga spana. Sijui anajua kiasi gani. Nimekiweka kipande mfukoni.

Mchana mwalimu amepiga simu. Wa kwanza na wa pili wanaendelea na hatua inayofuata, mwezi ujao, mji mkubwa zaidi, ukumbi mkubwa mara tatu. Safari hii tutakwenda na basi la shule. Nikasema ndiyo, mwalimu. Nilitaka kusema hapana, lakini hapana ina maelezo marefu.

Nimelifikiria basi la shule. Ni zee. Dereva wake hulalamika kila siku kuwa nati za magurudumu zimeshika kutu, hawezi hata kubadili tairi. Gurudumu moja likipata pancha njiani, hakuna wa kulifungua, hatufiki.

Kesho nitakwenda kumsaidia. Nitazikaza kidogo tu. Na nta nitazipaka nyingi, maana juzi nadhani niliweka kidogo.